Je, Wajua? Mgongoni mwa Tembo

Kwa mtu wa pwani, kupanda tembo si habari. Habari ni pale anapopandwa na tembo kichwani. Kinywaji cha mnazi na mnyama mwenye mkonga wametumia jina moja miaka yote hii, na bado hakuna aliyewahi kuagiza tembo kilabuni akaletewa mkonga. Safu ya leo inamhusu yule wa miguu minne, pamoja na watu wazima wenye kazi na ndevu zao wanaopanga foleni kwenye bustani ya wanyama, wanapanda ngazi, wanakaa juu ya mgongo wake dakika kumi, wanapigwa picha, kisha wanashuka wakijishika kiuno.

Kwetu hapa mambo hayo ni nadra. Ukitaka kupanda mnyama siku ya mapumziko, utapewa ngamia ufukweni Mombasa. Tembo utamwangalia kupitia dirisha la gari, tena dereva akiwa amewasha injini tayari kurudi nyuma. Hata watoto wa tembo waliofiwa na mama zao wanaolelewa Nairobi na taasisi ya Sheldrick huonyeshwa kwa wageni saa ya kunywa maziwa tu. Habari za kupandwa hazipo.

Lakini je, wajua kwamba mwaka 1879 tembo wanne waliofunzwa kubeba mizigo na watu waliteremshwa majini kutoka kwenye meli, wakaogelea mpaka ufukwe wa Msasani, Dar es Salaam? Walitoka Bombay. Aliyegharimia safari alikuwa Mfalme Leopold II wa Ubelgiji, ambaye alitaka kujua kama tembo wangefaa kusafirisha mizigo bara, ambako mbung'o walikuwa wakiua ng'ombe na punda, na wapagazi walikuwa wakidai ujira wao kama binadamu yeyote. Kuleta tembo Tanganyika ni sawa na kupeleka karafuu Pemba, ila mfalme aliamini kuwa tembo wa India ana adabu na wa Afrika hana.

Majina yao yamehifadhiwa: Sundergrund, Naderbux, Sosankalli na Pulmalla. Walipewa mizigo mizito kupita kiasi, wakatumbukizwa kwenye matope na joto, wakapandishwa milima kuelekea Mpwapwa na kuivuka nchi ya Wagogo. Aliyefika Karema, kando ya Ziwa Tanganyika, ni Pulmalla peke yake, naye hakukaa sana akafa. Kiongozi wa msafara, Kapteni Frederick Carter, aliuawa mwaka 1880 akiwa njiani kurudi pwani, alipojikuta katikati ya vita vya ruga-ruga, wapiganaji wa mtemi Mirambo. Siku hizi ukienda Msasani, tembo utakaowaona ni wa mpingo, wamepangwa rafuni wakisubiri watalii.

Leopold hakukata tamaa. Kuanzia mwaka 1900, ofisa mmoja aitwaye Jules Laplume alianza kukamata tembo wachanga kaskazini mwa Kongo na kuwafunza huko Api. Wakufunzi kutoka Asia waliletwa kuonyesha njia. Baadaye kituo kikahamia Gangala-na-Bodio, karibu na Garamba, mahali palipotangazwa kuwa hifadhi ya taifa mwaka 1938. Tembo wa pale walikokota mikokoteni na majembe ya kulimia, na miaka ya baadaye wakawabeba watalii kuvuka nyasi ndefu kwenda kutazama vifaru. Hao ni tembo wa Afrika hasa, wale wenye masikio mapana. Kwa hiyo ukimsikia mtu barazani akisema tembo wetu hafugiki, mwambie Wakongo walikuwa wakimpanda tangu enzi za babu zake.

Tena si Wakongo tu. Wafalme wa Misri wa ukoo wa Ptolemaio waliwawinda tembo kwenye pwani ya Bahari ya Shamu, huko ziliko Sudan na Eritrea za leo, wakawapeleka vitani. Mwaka 217 kabla ya Kristo, huko Raphia karibu na Gaza, tembo wa Afrika walipambana na tembo wa Asia, na juu ya migongo yao kulikuwa na askari. Mwaka uliotangulia huo, Hannibal alikuwa ameshaivuka milima ya Alps na tembo wake 37.

Na kabla hujapanda, ungejua unakalia nini. Mgongo wa farasi una bonde la kukaa. Mgongo wa tembo wa Asia umebinuka juu kama kuba, na pingili za uti wake zina ncha za mifupa zilizoelekea juu, zikiwa zimefunikwa na nyama na ngozi. Ukiweka kiti cha mbao au chuma, uzito wote unaangukia pale pale kwenye matuta ya mifupa. Ndiyo maana mwongoza tembo mwenyewe hakai kule mnakokaa ninyi. Yeye hukaa shingoni, miguu nyuma ya masikio, akiongoza kwa vidole vya miguu kama fundi cherehani. Mahali pazuri amejichukulia yeye. Mgeni aliyelipa nauli kapewa uti wa mgongo.

Watafiti wa Chuo Kikuu cha Chiang Mai, Thailand, waliwahi kuwatwisha tembo mizigo na kuupima mwendo wao, na hawakuona tofauti kubwa hata mzigo ulipofika asilimia 15 ya uzito wa mnyama. Tembo wa tani tatu kwa kipimo hicho angebeba kilo 450. Wenye biashara wanalipenda jibu hilo. Ila mwendo wa saa moja mbele ya watafiti ni jambo moja, na kiti kinachosugua ngozi ile ile kutwa, siku sita kwa wiki, miaka thelathini, ni jambo jingine. Hayo tutayaona mwishoni, tukifika kwa tembo aitwaye Jumbo.

Haraka haraka:

Tembo hutembelea ncha za vidole. Mifupa ya unyayo wake imesimama kama ya mwanamke aliyevaa viatu vya kisigino kirefu, na kisigino chenyewe ni mto mnene wa mafuta. Kwa sababu ya mto huo, mnyama wa tani tano anaweza kupita nyuma yako usisikie.

Tembo haruki. Hata akikimbia kilomita 24 kwa saa, hakuna wakati miguu yote minne inakuwa hewani. Wewe uliye juu hutikiswa kushoto na kulia, kama abiria wa ngalawa yenye upepo wa ubavuni, na wapo wanaotapika.

Mimba yake huchukua miezi 22. Chakula chake kwa siku hufika kilo 150, na huko mwituni Botswana watafiti waliwakuta tembo jike wakilala wastani wa saa mbili tu kwa siku.

Turudi kwenye kiti. Waingereza na Wahindi hukiita hauda, na neno hilo Wahindi walilipata kutoka kwa Waajemi, nao Waajemi kutoka kwa Waarabu. Hawdaj kwa Kiarabu ni kile kibanda cha mwanamke juu ya ngamia. Waliosoma madrasa wanakikumbuka katika kisa cha Bibi Aisha, msafara ulipoondoka ukidhani yumo ndani. Na hao hao wanakumbuka Mwaka wa Tembo, Abraha, mtawala wa Yemen, alipokuja kuibomoa Kaaba. Wasimulizi wa sira wanasema tembo wake aliitwa Mahmud. Walipomwelekeza Makka alipiga magoti akagoma, wakimgeuza upande mwingine anainuka na kwenda. Walimpiga, wapi.

Wakubwa wa dunia nao wamepanda. Malkia Elizabeth II alipitishwa barabarani Varanasi mwaka 1961 juu ya tembo aliyepambwa, mwenyeji wake akiwa Maharaja wa mji huo. Mwaka uliofuata Jacqueline Kennedy na dada yake walipanda huko Amber, nje kidogo ya Jaipur, kilima kile kile ambacho watalii wanaendelea kukipanda wawili wawili. Aliyekataa ni Mfalme George V. Mwaka 1911, alipoingia Delhi kwa sherehe za kutawazwa, alichagua farasi. Watu wengi waliojipanga barabarani hawakumtambua, mfalme akapita wakabaki wakiuliza mfalme yuko wapi. Kwa fahari ya nchi ile, mtu asiyekuwa juu ya tembo alikuwa msindikizaji.

Na wajua kuna polo ya tembo? Ilianzishwa Nepal mwaka 1982 na wazungu wawili, kwenye kambi ya Tiger Tops huko Chitwan. Walianza na mpira wa miguu, wakaacha, kwa kuwa tembo walifurahia kuukanyaga mpaka upasuke. Kila tembo hubeba wawili, mmoja wa kuongoza na mwingine wa kupiga mpira kwa fimbo ndefu. Kanuni zake zinasomeka kama kichekesho, ila ziliandikwa kwa sababu: ni kosa tembo kulala mbele ya goli, na ni kosa kuokota mpira kwa mkonga. Mtu hatungi kanuni ya namna hiyo mpaka tembo fulani awe ameshafanya. Mashindano hayo ya Nepal yalifika mwisho mwaka 2017.

Swali ambalo mgeni wa Thailand huwa haulizi ni kwa nini kule kuna tembo wengi namna ile wa kupandwa. Jibu ni magogo. Kwa vizazi, tembo wa Thailand walifanya kazi ya kukokota miti msituni. Mwishoni mwa mwaka 1988 mafuriko na maporomoko yaliua mamia ya watu kusini mwa nchi, lawama zikaangukia ukataji wa misitu, na mwanzoni mwa 1989 serikali ikaupiga marufuku. Tembo wakakosa ajira siku moja na wenye tembo, na tembo asiye na kazi anaendelea kula kilo zake 150. Wenyewe wakawaleta mijini kuomba, kisha kwenye kambi za watalii. Mwaka 2020, UVIKO ulipofunga viwanja vya ndege, mamia ya tembo walitembezwa kwa miguu kurudi vijijini kwao, kwa sababu kambi zilikuwa tupu.

Cambodia ilikwenda njia nyingine. Mwaka 2016 tembo jike aitwaye Sambo alianguka akafa baada ya kuwabeba watalii katika joto kali kwenye mahekalu ya Angkor. Picha zake zilizunguka dunia, na miaka michache baadaye tembo wa pale wakapumzishwa.

Japani ina kisa chake. Wakati wa vita, mwaka 1943, tembo watatu wa bustani ya Ueno, Tokyo, waliuawa kwa amri ya wakuu wa mji, kwa hofu kuwa mabomu yangevunja vizimba. Wote watatu walikufa kwa njaa, wawili wakifanya vitu vyao vya maonyesho wakidhani watapewa chakula. Vita ilipokwisha tembo walikuwa wamebaki Nagoya tu, wawili. Watoto wa Tokyo waliomba waazimwe mmoja, Nagoya ikashindwa kuwatenganisha, ndipo mwaka 1949 zikapangwa treni maalumu kuwapeleka watoto kwa tembo. Mwaka huo huo Waziri Mkuu wa India, Jawaharlal Nehru, baada ya kusoma barua za watoto wa Japani, aliwapelekea Ueno tembo jike. Alimpa jina la binti yake, Indira.

Sasa upande wa hatari. Tembo dume huingia kipindi ambacho mashavu yake hutokwa majimaji mazito na akili yake huwa moto, homoni zikipanda mara nyingi kuliko kawaida. Waajemi wamekipa kipindi hicho jina masti, maana yake ulevi. Mswahili hapo hahitaji kufafanuliwa. Ndiyo sababu bustani nyingi hutumia majike kubeba watu, ingawa jike naye si gogo. Huko Melbourne, Australia, tembo jike aitwaye Queenie alibeba wageni kuanzia mwaka 1905 hadi 1944. Karibu miaka arobaini, kizazi kilichopanda kikiwa na miaka sita kikarudi na watoto wake. Mwaka 1944 alimuua mtunzaji wake, na mwaka uliofuata akauawa yeye. Upandaji ukaishia hapo. Bustani ya London haina tembo tangu mwaka 2001, walipohamishiwa Whipsnade baada ya mtunzaji kuuawa.

Marekani, shirikisho la bustani za wanyama lilikata shauri mwaka 2011 kwamba watunzaji waache kuingia sehemu moja na tembo bila kizuizi, na mwisho wa mpito ukawa 2014. Mtunzaji akishakatazwa kusimama karibu, abiria hana wa kumwongozea tembo.

Miongoni mwa waliowahi kubeba watu huko ni Happy, wa bustani ya Bronx, New York. Alikamatwa Asia akiwa mchanga, akapewa jina la mmoja wa vibete saba wa ile hadithi ya watoto. Mwaka 2005 watafiti waliweka kioo kikubwa uani kwake na kumchora alama nyeupe juu ya jicho. Happy akasimama mbele ya kioo, akainua mkonga, akaigusa ile alama kichwani mwake mara kadhaa. Alijua anayemwona ni nani. Wanasheria wakampelekea kesi mahakamani wakitaka aachiliwe kama mfungwa anavyoachiliwa, na mwezi Juni 2022 mahakama ya juu ya jimbo la New York ikaamua, majaji watano kwa wawili, kwamba tembo si mtu mbele ya sheria hiyo. Kuna wanadamu waliomaliza chuo wasioweza kujikagua kwenye kioo namna ile, lakini wao sheria inawatambua.

Nimemweka mwisho mkubwa wao, Jumbo, ambaye dunia nzima inamtaja bila kujua. Alikamatwa mdogo miaka ya 1860 mwanzoni, mpakani mwa Sudan na Abisinia, akapitia Paris na kuingia London mwezi Juni 1865. Wapo wanaodai jina lake linatokana na "jambo" au "jumbe" ya kwetu. Tungependa iwe hivyo. Shida ni kwamba neno hilo lilikuwemo katika Kiingereza cha mitaani tangu miaka ya 1820, likimaanisha mtu mkubwa asiye na wepesi, wala huko Jumbo alikozaliwa hawakusalimiana kwa Kiswahili. Baada yake ndipo neno likageuka kuwa sifa ya kila kitu kikubwa, mpaka ndege.

Kwa miaka kumi na sita na zaidi alibeba watoto na watu wazima, mchana, kiti kimejaa, mtunzaji wake Matthew Scott akitembea pembeni na kupokea bakshishi. Usiku alikuwa mwingine. Alipiga kuta za banda mpaka akavunja pembe zake, na wakuu wa bustani wakaogopa kwamba siku moja angefanya hivyo akiwa na abiria. Mwaka 1882 wakamuuza kwa P. T. Barnum, mwenye sarakasi wa Marekani, kwa pauni 2,000. Uingereza ikalia. Watoto wa shule wapatao laki moja walimwandikia Malkia Victoria wakimsihi azuie. Jumbo mwenyewe alilala chini barabarani akakataa kuingia kwenye sanduku la safari. Wiki kadhaa baadaye aliingia, akavuka bahari na Scott. Mwezi Mei 1884, Barnum aliwapitisha tembo 21 juu ya daraja la Brooklyn kuwaonyesha wenye wasiwasi kwamba daraja ni imara. Jumbo alikuwemo.

Tarehe 15 Septemba 1885, katika mji wa St. Thomas, Kanada, aligongwa na treni ya mizigo akipelekwa kwenye behewa lake usiku, onyesho likiwa limekwisha. Walipompasua tumbo walikuta funguo, misumari ya ribiti, filimbi ya polisi, na sarafu nyingi za Kiingereza. Miaka yote ile watu walikuwa wakimpa fedha mkononi, yaani mkongani, naye alikuwa akizimeza.

Mifupa ilipelekwa New York, kwenye jumba la makumbusho ya viumbe. Mwaka 2017 wataalamu waliokuwa na David Attenborough waliichunguza kwa ajili ya filamu ya BBC. Meno yalikuwa yameota vibaya kwa kulishwa vyakula laini, jambo ambalo huenda ndilo lililomtia wazimu wa usiku, maana maumivu ya jino yanazidi ukiwa peke yako. Viungo vya magoti na nyonga vilikuwa vimechakaa kama vya tembo mzee sana. Jumbo alikufa na miaka ishirini na kidogo.

Ngozi ilijazwa, ikazungushwa na sarakasi, kisha Barnum akakipa chuo cha Tufts karibu na Boston. Ikakaa pale mpaka moto wa mwaka 1975 ulipoteketeza jengo zima. Kesho yake mfanyakazi mmoja wa idara ya michezo aliagiza majivu yakusanywe, na chombo kilichopatikana kilikuwa kopo tupu la siagi ya karanga. Yamo humo hadi leo, na wachezaji wa chuo huligusa kopo kabla ya mechi ili kupata bahati.